Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu droni na kiwanja cha Kibaha

Buguruni, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika, na wale dagaa pia, ingawa mama yako amewaficha nusu akisema ni wa wageni. Wageni gani, hasemi.

Uliniandikia WhatsApp, nami nakujibu kwa kalamu. Idi ataipiga picha barua akurushie. Kile kioo na vidole vyangu havielewani. Swali lako nimelisoma mara tatu: uuze kiwanja cha Kibaha ulipe ada ya chuo cha Marekani, usome shahada ya droni, hizo ndege zisizo na rubani, na mifumo inayojiendesha kwa mtandao ukiwa hapo hapo Mwanza, au ubaki na ufamasia wako? Unataka ndiyo au siyo.

Mimi nina swali langu kwanza. Hicho chuo kitakushikaje mkono? Maana mkono nao husoma. Umenisikia nikilisema hilo tangu ukiwa darasa la pili, na ulikuwa ukinigeza mbele ya shangazi zako, najua.

Kwamba nilisoma ufundi redio kwa posta unajua. Usichokijua, kwa sababu sijakusimulia hata siku moja, ni wiki yangu ya kwanza kwa yule fundi wa Mtaa wa Narung'ombe.

Ilikuwa 1985. Mjomba wako baharia ndiye aliyelipa ada huko huko Uingereza kwa pauni zake. Miaka ile fedha za kigeni ungezipata wapi hapa? Masomo yalikuja kwa meli ndani ya bahasha za kaki. Napeleka majibu, yanarudi baada ya miezi yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Nilifaulu vizuri, mwanangu. Kanuni ya Ohm nilikuwa naiota. Rangi za rezista nilizihifadhi kwa kuziimba, kama tulivyohifadhi Juzuu Amma. Ila vifaa vya mazoezi tulivyoahidiwa havikufika hata kimoja, kwa hiyo redio niliyoijua mimi ilikuwa ya kuchorwa.

Nikaenda Kariakoo na cheti changu kwenye mfuko wa nailoni. Fundi akakigeuza huku na huku, akasifia ubora wa karatasi, akanipa redio ya mama mmoja wa Ilala. Waya mmoja tu umechomoka. "Lehemu hapo." Basi. Mimi nilijua kwamba lehemu ya bati na risasi, ikichanganywa sitini na tatu kwa thelathini na saba, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Nilijua! Nisilolijua ni chuma kikae hapo muda gani. Nikakikandamiza mpaka mkanda wa shaba ukabanduka kwenye bodi, ukajikunja kama ganda la kitunguu. Katika kuhangaika kuurudisha nikaunguza na transista iliyokuwa jirani.

Transista ya aina ile haikupatikana wiki hiyo Kariakoo nzima. Yule mama akaja Jumatatu. Akaja Jumatano. Alhamisi akaja amejitanda kanga, amekaa kimya. Kaka yake alikuwa amefariki Kilwa. Redio Tanzania ilitangaza kwenye matangazo ya vifo, majirani wakadhani amesikia na anajiandaa na safari. Alipokuja kuambiwa, wameshazika. Hakunigombeza. Alimwambia fundi, "Itengenezeni taratibu, sasa sina haraka."

Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo ukiniuliza habari za kusoma ufundi kwenye kioo, huyo mama ndiye anayenijia kwanza. Mkono nao husoma, Zuhura, na mwalimu wake hayuko ndani ya bahasha.

Lakini nisijifanye. Mwezi haujaisha ikaletwa amplifaya ya msikiti wetu. Ilikuwa inavuma, mmmm, adhana nzima inapita juu ya huo mvumo kama mtu anaadhini ndani ya mzinga wa nyuki. Fundi alikuwa amebadilisha transista mbili, akabadilisha na spika, mvumo upo pale pale. Mimi nilikuwa nafagia. Nikasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba huo ni mvumo wa umeme wa ukutani, kapasita kubwa ya kuchuja imekauka. Somo la tisa. Tukaibadilisha, kukawa kimya. Fundi hakusema asante, wala hakukiri kitu, alinisogezea kigoda tu nikae mezani. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nafanya kazi nimesimama. Mpaka leo nikipita Narung'ombe natembea pole pole, na mama yako ananiuliza natafuta nini.

Sasa hilo nalo tuliweke wapi? Yeye mkono wake ulikuwa umesoma miaka ishirini na haukujua kwa nini. Wangu ulijua kwa nini, na ukamkosesha mama wa watu maziko ya kaka yake.

Kusoma kwako kwa mtandao sikubezi. Ulipomaliza ile kozi ya roboti zirukazo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwenye Coursera, ulikaa hapa barazani ukanieleza droni hujuaje ilipo. GPS inasema iko hapa, vipima mwendo vyake vinasema iko pale, na ile hesabu ya Kalman ya mwaka 1960 inaamua kila shahidi aaminiwe kiasi gani. Nilikuelewa kuliko nilivyoonyesha. Na Idi amenionyesha hiyo simuleta unayotumia, ya ArduPilot, ile programu ya kurusha droni ya kuigiza kwenye kompyuta. Droni inaanguka, anabonyeza kitufe, inarudi hewani nzima. Nikamwambia hiyo ni hatari, itamfundisha mtu kutoogopa kuangusha. Usiku nikawaza: kama ningekuwa na simuleta ya kulehemu, ningeunguza redio mia za uongo kabla sijaigusa ya yule mama. Kwa hiyo sijui. Ila simuleta haina harufu, na mimi kosa langu nililinusa kabla sijaliona.

Unawakumbuka wale wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wakati wa ule mradi wa Ramani Huria, walipokuwa wakichora ramani za mafuriko za kata za bondeni? Nilisimama kuwatazama wakirusha ile ndege yao ya povu, haifiki hata kilo moja. Kompyuta ndiyo iliyojua njia yote, lakini kuiondoa ilibidi msichana mmoja airushe kwa mkono kama anaachia njiwa. Mara ya kwanza hakuipa nguvu ya kutosha. Mwenzake akamshika kiwiko, akakiinua kidogo. Nilikukumbuka wewe.

Sababu yako naijua tangu 2018, uliponipigia simu unahema kwamba umeona ndege ya DHL isiyo na rubani iliyokuwa ikipeleka dawa Ukerewe. Kilomita 60 kwa dakika 40, na meli inachukua saa tatu na zaidi. Inapaa wima, kisha inageuza rafadha zake na kukata ziwa kama ndege ya kawaida. Ulisema, "Baba, dawa zangu zinaoza bandarini na dawa ya kuzivusha ndiyo ile." Sikukujibu vizuri siku ile. Nilikuuliza inagharimu shilingi ngapi.

Jambo moja ulitazame kabla ya lolote, lisikupite kwa sababu ya haraka. Hicho chuo kitakufundisha mtihani wa marubani wa droni wa Marekani, ule wa maswali sitini, na sheria yao ya kutopita futi 400. Hizo ni sheria za anga lao. Hapa kibali utakiomba TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo waulize wanataka nini mkononi mwako kabla hujaonyesha mtu hati ya kiwanja.

Kuhusu kiwanja sisemi neno. Ni chako, tulikuandikia kwa jina lako. Mama yako anasema mtoto asome, ardhi haikimbii. Mimi nasema ardhi ikishauzwa inakimbia sana. Lakini nimesema sisemi. Na pauni za mjomba wako, ukizipiga hesabu vizuri, nazo zilikuwa kiwanja cha mtu.

Unataka ndiyo au siyo, najua. Ninayo moja mdomoni na inaniwasha. Nitakwambia Idi akishaniambia umempata mtu wa kurusha naye huko Mwanza, mwenye droni ya kweli, inayoanguka kweli.

Nimempa dereva mmoja wa basi la Mwanza kifurushi, atatoka kesho alfajiri stendi ya Magufuli. Kuna achari ya mama yako, na kile chuma changu cha lehemu cha Narung'ombe, bado kinapata moto. Ncha yake imelika upande wa kulia, kwa hiyo ukikishika kilaze kidogo kushoto, na ukiona risasi imeng'aa, toa.

Baba yako