Maswali ya Kazi: Kibarua wa Miaka Minne, na Mengine

Barua zimerundikana, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja. Naanza na hilo nilimalize. Majina nimeyaacha, maana matajiri nao husoma.

Nafanya kazi kwenye godauni, mwaka wa nne sasa. Tunalipwa kila Jumamosi, mkataba hakuna. Supavaiza anasema sisi ni vibarua na kibarua hana haki. Ni kweli? (Changamwe)

Si kweli, na supavaiza wako anajua kuwa si kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe walipwa Jumamosi hadi Jumamosi. Kisha kuna kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama aliyeajiriwa kwa mwezi. Hapo ana haki ya notisi ya siku 28, likizo na mengineyo. Magunia mnayopakua yamekuwa yakija miaka minne. Yatakwisha lini?

Nimelijibu swali hili mara nyingi hata mhariri ananicheka, basi safari hii niseme lile ambalo hamniulizi. Tajiri hushinda kesi hizi kwa kukutoa nje kidogo. Anakwambia upumzike siku nne, urudi Alhamisi, jina liandikwe upya. Au unaambiwa kuanzia leo mwajiri wako ni kampuni ya wakala, ilhali lango ni lile lile, na hata koleo ni lile lile. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina uwezo wa kulitazama jambo zima na kubadilisha masharti yako, lakini itakuuliza ushahidi. Wewe wasema miaka minne; mkononi una nini? Nunua daftari. Andika tarehe ya kila siku uliyoingia na jina la aliyekupanga kazi. Kama mshahara unakuja kwa M-Pesa, usifute ujumbe hata mmoja. Mkipanga foleni langoni kusaini kitabu, kipige picha kila wiki. Na wenzako saba wafanye vivyo hivyo, kwa sababu daftari moja hubishiwa, ila manane yanayokubaliana ni kazi ngumu kuyabisha.

Na tusijifanye jambo hili limezuka jana. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu wa Mombasa waliweka kazi chini: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, hata maboi wa majumbani. Bandari ya siku zile iliendeshwa na vibarua wa kutwa, leo yupo kesho hayupo. Baada ya mgomo ule ndipo wakoloni walipolishughulikia kwa dhati suala la kuwasajili makuli na kuwapa kazi ya kudumu. Walifanya hivyo kwa hofu. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kufungiwa Kabarnet kwa miaka mingi. Leo wajukuu wa makuli wale wananiuliza kama kibarua ana haki.

Nikijiunga na chama naweza kufutwa? (Wengi, kutoka kila mahali)

Kisheria, hapana, uanachama si sababu halali ya kumfuta mtu. Lakini hakuna tajiri mjinga wa kuandika «chama» kwenye barua. Ataandika «utovu wa nidhamu». Kwa hiyo ukiitwa ofisini ghafla, usiingie peke yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa ruhusa ya kwenda na mwenzako au mwakilishi wa chama. Swali hili sitalijibu tena mwaka huu.

Tuko hamsini kiwandani, ukiwatoa mameneja. Ishirini na wanane wametia sahihi. Meneja anasema hatambui chama mpaka sote tukubali. (Athi River)

Meneja anawapotezea wakati. Kinachotakiwa ni wingi wa kawaida wa wale wanaoruhusiwa kujiunga. Kwenu ni 26, na mnao 28. Fomu S, zile za mfanyakazi kukubali akatwe ada ya chama, zikishatiwa sahihi na kumfikia, ana siku 30 za kuanza kukata ada na kuipeleka kwenye akaunti ya chama. Akikaidi, mambo yanakwenda kwa msuluhishi, kisha mahakamani.

Mna ziada ya watu wawili tu, na hilo ndilo la kuwatia wasiwasi kuliko maneno ya meneja. Watatu wakitishwa wakajitoa, hesabu imevunjika. Tafuteni wengine kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Na nawaomba, orodha ya majina msiiweke kwenye kundi la WhatsApp lenye watu msiowajua vizuri.

Kwa nini nilipe ada wakati viongozi wa chama wanakula tu? (Kisauni)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu una haki nusu.

Ni kweli wapo viongozi waliozeeka kwenye kiti, wanaokuja kiwandani wakati wa uchaguzi na Mei Mosi peke yake. Tatizo hilo lina historia. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, iliundwa 1965 baada ya serikali kuvunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yakizozana, na Ikulu ikapewa sauti katika kumchagua katibu mkuu. Kiongozi anayetazama juu kupata kiti chake atawatazamaje walio chini? Harufu ya wakati ule bado ipo kwenye mikutano fulani, nami sijawahi kuificha.

Nusu nyingine ni hii. Kama chama kina mkataba wa pamoja na tajiri wako, ule mnaouita CBA, na waziri ametoa agizo, utakatwa ada ya uwakala hata kama si mwanachama, kwa kuwa nyongeza iliyomo kwenye mkataba huo unaipokea na wewe. Mwenye kadi anapiga kura, anauliza hesabu, anasimama kugombea. Wewe unatoa pesa halafu unalalamika kwenye matatu. Katiba ya chama chako unayo? Hesabu za mwaka jana umeziomba? Tawi lenu lina wanachama wangapi wanaohudhuria? Nilipata kukaa kwenye mkutano wa tawi lenye watu mia tatu, tukafika kumi na moja, na tisa kati yao walikuwa wagombea.

Tunataka kugoma kesho. Ushauri? (Diani)

Msigome kesho. Mgogoro lazima upite kwanza kwa msuluhishi, na chama kitoe notisi ya maandishi ya siku saba kwa tajiri na kwa waziri. Bila hivyo mtakuwa mmempa karatasi za kuwafutia. Na hata mgomo halali hauna mshahara, kwa hiyo wekeni unga ndani kwanza.

Dada yangu ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh. Wamemnyang'anya pasipoti. Chama gani cha huko kinaweza kumsaidia? (Likoni)

Saudi Arabia hairuhusu vyama vya wafanyakazi. Oman iliviruhusu mwaka 2006, lakini mtumishi wa nyumbani ni vigumu kufaidika navyo hata huko. Kumshikia mtu pasipoti kumekatazwa na kanuni za Wasaudi wenyewe, basi lianzieni hapo: nakala ya mkataba, picha ya ukurasa wa pasipoti, anwani ya nyumba, vyote vifike ubalozi wa Kenya Riyadh. Huku nyumbani nendeni KUDHEIHA, ndicho chama cha watumishi wa nyumbani, na mtazame kama wakala aliyempeleka amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na kama mdogo wenu wa mwisho tayari ana miadi na wakala huyo huyo, mfungieni mlango.

Kima cha chini cha mshahara Sweden ni shilingi ngapi, na kwa nini tusiige? (mwanafunzi, Kilifi)

Sufuri. Sheria ya Sweden haitaji kima chochote. Mishahara inawekwa kwa mikataba kati ya vyama na waajiri, na mikataba hiyo inawagusa karibu tisa kati ya kila wafanyakazi kumi. Tesla ilipokataa kutia sahihi, mafundi wake wa chama cha IF Metall waligoma Oktoba 2023, kisha makuli wa bandari za Sweden wakakataa kupakua magari ya kampuni hiyo. Wanaotaka kuiga waige hilo la makuli. Sisi kila Mei Mosi tunasimama juani kusubiri rais atangaze asilimia.

Unaweza kutuandikia barua kwa tajiri wetu? (Mtwapa)

Andikeni nyinyi, na kila mmoja atie sahihi. Mkinitumia nitasahihisha tahajia.