Kaye za papa zilibaki chini ya lava

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini mtu aandike maisha yake kwenye blogu, mbele ya watu asiowajua, wakati angeweza kuyaandika kwenye daftari na kulifungia kabatini? Najibu kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, na jibu langu linaanza na daftari, au kaye, kama tunavyoliita huku.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali za kubebea mizigo, mtaani Majengo. Kila jioni, mikono ikiwa bado na grisi, alifungua kaye na kuandika mistari miwili mitatu. Nani kachukua chukudu kwa deni. Mbao za mkaratusi zimepanda bei. Kwa jirani kazaliwa mtoto wa kike. Mvua imebomoa choo. Aliandika ili kesho asibishane na mteja, basi. Lakini miaka ilivyopita zikafika kaye saba, amezifunga pamoja kwa ukanda wa mpira wa tairi, uleule wa kuvisha magurudumu, na maisha ya mtaa mzima yalikuwa mle ndani.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipasuka ubavuni. Lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na godoro moja na sufuria, mdogo wangu mgongoni mwa mama. Papa alibeba msumeno na randa. Kaye hakuzikumbuka. Tuliporudi, parseli yetu, kiwanja chetu, ilikuwa jiwe jeusi ambalo joto lake lilipenya soli za viatu. Papa alitembea juu yake akihesabu hatua, akasimama, akasema, "Mlango ulikuwa hapa." Nyumba yetu ya mbao ya leo imejengwa juu ya ile ya zamani.

Papa alifariki mwaka 2014, na mwaka huohuo nikaanza blogu. Nilijiambia kwamba maneno yaliyoko kwenye intaneti lava haiyafikii. Nimejifunza kwamba na huko vitu hupotea. Mwaka 2009 Yahoo walipoifunga GeoCities, mahali ambapo watu walijitengenezea kurasa za intaneti bure, kurasa nyingi za watu wa kawaida zilikwenda nayo. Na sisi wenyewe, baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, tulikatiwa intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Siku zile nilirudi kwenye kaye, nikaandika kwa kalamu kama papa. Nina nakala ya kila kitu kwenye flashi. Kwa hiyo kama ni kutunza maandishi tu, kabati lenu lingetosha.

Sababu yangu ya kweli niliipata siku nilipoandika, chumba kwa chumba, vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba iliyozama. Kitanda cha papa, redio iliyofungwa kwa waya, meza yenye mguu mmoja mfupi, mlango wa kijani. Miezi mingi baadaye akaniandikia mtu nisiyemjua, anayeishi Kampala. Alikuwa akitafuta habari za chukudu za Majengo, akaangukia kwangu. Ujanani alikuwa akishusha viazi na makaa kutoka Kibumba kwa chukudu iliyotengenezwa na papa. "Dada," akaandika, "mlango wenu ulikuwa wa bluu. Papa yako alikuwa akiuandika kwa chaki majina ya waliomaliza kulipa. Wenye deni aliwaandika ndani ya kaye, watu wasiwaone."

Nimeishi na papa miaka yote ile na jambo hilo sikulijua. Hakuna kaye ambayo ingeniletea. Mtu alikuwa amebeba kipande cha papa yangu hadi Uganda, na hakuwa na njia ya kunirudishia mpaka nilipoandika mahali ambapo anaweza kupita.

Kuna wanaosema wenye blogu wanatafuta sifa. Neno lenyewe linasema mengine: mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger alilitunga jina "weblog", na "log" ni lile daftari ambamo nahodha huandika safari siku kwa siku. Papa angeielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa.

Wadogo zangu huniuliza kwa nini nisibaki Facebook, wote wako huko. Mlima ulipofunguka tena usiku wa Jumamosi, 22 Mei 2021, niliandika huko kama wengine, na leo siwezi kuyapata maneno yale. Niliyoandika kwenye blogu tukiwa Sake, mji wa jirani tulikokimbilia baada ya amri ya kuhama ya tarehe 27, yapo kwa tarehe yake: bei ya jerikani la maji, watu kumi na tisa tuliolala sebule moja, mtoto aliyeuliza kila asubuhi kama mlima umelala.

Naandika Kiswahili. Shuleni tulifundishwa kuandika mambo ya maana kwa Kifaransa, na mimi sikubali kwamba mambo ya nyumbani kwetu yasimfikie mama kwa sababu hakusoma Kifaransa. Majina ya majirani siyaandiki, wala mtu yuko wapi; mji wetu umeona vita, na jina moja laweza kumponza mtu.

Ujumbe wa yule wa Kampala nilimsomea mama jioni ileile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bluu ilikuwa ya kwanza. Kijani papa alipaka mwaka 2000, mdogo wangu alipozaliwa, kwa rangi aliyopewa na mteja badala ya pesa. Nikayaongeza hayo chini ya andiko, na tarehe. Juzi mama ameniita jikoni, akaniambia nije na simu, kuna habari ya dirisha ambayo sijaiandika.