Maswali Yenu ya Picha: Kamera ya Kuingia Mfukoni

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nimechoka kuwapiga picha kwa simu. Nikiitoa nakuta ujumbe, naanza kuusoma, na mtoto ameshaacha alichokuwa akikifanya. Nataka kamera ndogo ya dijitali ya kutembea nayo kila siku, ikae kwenye mfuko wa koti. Muuzaji amenionyesha moja yenye megapikseli 20 na zumu ya mara 30. Nyingine ina megapikseli 20 vilevile, zumu yake haifiki hata mara nne, na hiyo ndiyo ghali! Ananidanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakudanganyi, ila hajakueleza. Kamera hizo zinafanana kwa namba moja ya kwenye boksi tu.

Nyuma ya lenzi kuna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa. Kwenye kamera nyingi za zumu ndefu, sensa hiyo ina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, haifunikii hata ukucha wa kidole chako cha mwisho. Hiyo ya ghali bila shaka ina sensa inayoitwa ya inchi 1. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani. Ukiipima kwa rula utapata milimita 13.2 kwa 8.8. Hata hivyo eneo lake ni mara nne ya ile nyingine. Pikseli, yaani vinukta vinavyojenga picha, ni milioni 20 kote kuwili, lakini kwenye hii ya inchi 1 kila moja ina nafasi mara nne ya kukinga mwanga. Mchana wa jua kali hutaona tofauti kubwa. Utaiona sebuleni jioni, na watoto tunawapiga picha sebuleni jioni.

Nalisema hili kwa uchungu. Kamera yangu ya kwanza ya dijitali niliichagua kwa zumu. Jioni moja mama yangu, ambaye hakupenda kabisa kupigwa picha, alikaa karibu na taa akimshonea mjukuu wake kifungo cha shati. Sikutaka kumshtua, nikabaki mlangoni nikamvuta kwa zumu. Kwenye skrini ndogo ya kamera picha ilipendeza mno. Nilipoisafisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani, uso ulikuwa umejaa chenga, na mkono ulioshika sindano ulikuwa umefutika kama moshi. Sina picha nyingine ya mama akiwa ametulia namna ile.

Kilichoniponza kilikuwa kimeandikwa kwenye lenzi yenyewe, ila sikujua kukisoma. Ukigeuza kamera uitazame usoni utaona maandishi kama 1:1.8-4.9. Namba ya kwanza baada ya nukta mbili inaonyesha uwazi wa lenzi kabla hujaivuta, na ya mwisho inaonyesha uwazi ukiivuta mpaka kikomo. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Kutoka 1.8 hadi 4.9 mwanga unapungua mpaka kama sehemu moja ya saba. Kamera nyingi za zumu ndefu zinaanzia 3.3 hivi na kuishia 6 na ushei. Kamera inapokosa mwanga hufanya mambo mawili: huongeza ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ndiyo zinakuja chenga, au huacha shata, ule mlango wa kupitisha mwanga, wazi muda mrefu, ndiyo mkono unakuwa moshi. Muuzaji anapenda kutaja mara 30. Wewe muulize kuhusu ile namba ya mwisho.

Na asikuambie kwamba kamera ina kinga ya mtikisiko kwa hiyo usihofu. Kinga ya mtikisiko inatuliza mkono wako, haimtulizi mtoto. Mtoto anayekimbia anataka 1/250 ya sekunde au kasi zaidi, na kasi hiyo inalipiwa kwa mwanga.

Nikutajie tatu ninazozijua vizuri. Sony RX100 ya kwanza ilitoka 2012, ina sensa ya inchi 1 na ile lenzi ya 1.8-4.9, na ikiwa na betri na kadi ina gramu 240. Inaingia mfukoni kweli. Upungufu wake ni kwamba haina Wi-Fi, kwa hiyo picha utazitoa kwa kadi au waya. Canon G7 X Mark II ya 2016 ina sensa ya ukubwa huohuo, lakini lenzi yake inaishia 2.8 hata ukiivuta mpaka mwisho, na skrini inainuka, kwa hiyo unaweza kuishika kamera kwenye usawa wa magoti ukaona unachokipiga. Kwa mtoto anayeanza kutembea, usawa wa magoti ndiko uso wake uliko! Ina gramu 319, na koti jepesi litavutika upande mmoja. Ya tatu ni Ricoh GR III ya 2019, yenye sensa kubwa kuliko hizo mbili. Inaamka chini ya sekunde moja, lakini haina zumu wala flashi ya ndani, na betri yake huchoka baada ya picha kama 200. Mimi ndiyo ninayotembea nayo, ila watoto wangu wameshakua. Ningekuwa wewe ningechukua hiyo Canon.

Kabla hujalipa, omba betri yenye chaji na uende nayo kwenye kona yenye giza kuliko zote pale dukani. Iwashe, hesabu moja, mbili: mpaka hapo iwe tayari. Mpige picha mtu anayetembea, halafu uikuze picha kwenye skrini mpaka uzione kope zake. Kisha itie kwenye mfuko wa koti lako mwenyewe na uitoe kwa mkono mmoja. Ukihitaji mkono wa pili, itabaki kabatini.

Sasa kuhusu kuchelewa. Wengi huilaumu kamera kwamba picha inakuja mtoto akiwa ameshageuka, lakini mara nyingi inachelewa kwa kuwa tunabonyeza kitufe kwa mpigo mmoja. Bonyeza nusu kwanza. Kidole kitagota mahali, kiboksi cha kijani kitawaka, na hapo fokasi imeshashika. Kaa hapo hapo, usiachie. Mtoto akicheka, malizia. Jizoeze kwa siku mbili na kitu chochote, hata kikombe, mpaka kidole kijue chenyewe pale kinapogota. Watu wanabadilisha kamera kwa tatizo ambalo kidole kingelimaliza.

Wala simu usiitupe. Kwa mchana na mandhari inatosha kabisa, na kamera yenye sensa ndogo haitakupa cha zaidi isipokuwa zumu.

SWALI: Habari za kazi mama. Rafiki ananiuzia kamera yake ndogo ya miaka kama kumi. Nitajuaje kama ni nzima?

JIBU: Salama, ahsante. Anza na lenzi, kwa kuwa kamera hizi hufia hapo. Iwashe na kuizima mara kumi, ivute mpaka mwisho na kuirudisha, huku umeiweka karibu na sikio. Sauti iwe laini. Ukisikia mkwaruzo, kuna mchanga kwenye mirija ya lenzi, ile inayotoka na kuingia, na siku moja lenzi itatoka nje isirudi ndani. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Halafu piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, ukiwa umeweka uwazi kwenye 8. Vidoa vya kijivu vinavyojirudia mahali palepale katika kila picha ni vumbi lililoingia ndani, na lenzi ya kamera hizi haichomoki ukasafisha mwenyewe. Toa betri uilaze juu ya meza: ikibembea, imevimba, nunua nyingine. Mikwaruzo ya nje isikusumbue.

Ukishakuwa nayo, itengenezee kijifuko chake. Makombo na nyuzi za mfukoni ndizo zinazoingia kwenye mirija ile, kidogo kidogo, bila wewe kujua.

SWALI: Mama, baba amenipa kamera yake ya mwaka 2005. Nimeweka kadi mpya ya GB 64, inaandika kosa. Imekufa?

JIBU: Haijakufa mwanangu, ila kamera haiijui hiyo kadi. Kadi za SD za wakati ule zilikuwa na kikomo cha GB 2. Aina ya SDHC, ya hadi GB 32, ilikuja 2006, na SDXC, ambayo ndiyo yako ya GB 64, ikatangazwa 2009. Tafuta kadi ndogo iliyoandikwa SD peke yake, GB 1 au 2, na uifomati, yaani uisafishe na kuiandaa upya, ndani ya kamera yenyewe, usiifomati kwenye kompyuta. Kama baba alikupa pamoja na kadi yake ya zamani, usiifute kabla hujaifungua. Huenda ndani mna picha zako za utotoni.