Maneno yenye herufi zote za "Temeke": Excel inatosha

SWALI: Nasimamia klabu ya Kiingereza katika sekondari moja huku Mbagala. Tuna mchezo wetu: nataja jina la wilaya mojawapo ya Dar es Salaam, makundi yanatafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi zote za jina hilo. Wiki iliyopita nilitaja Temeke. Kundi moja likaleta "market", kundi jingine likagoma, likisema neno hilo halijatimia. Nimejaribu tovuti mbili za kutafutia maneno, kila moja inaleta majibu yake, na bando linakwisha. Ofisini tuna kompyuta yenye Excel ila haina intaneti. Nitapataje orodha ya kuaminika?

JIBU: Mwalimu, waliogoma wana hoja, na waliolipendekeza "market" nao wana yao. Temeke ina T, M, K na E tatu. "Market" ina aina zote nne za herufi hizo, lakini E yake ni moja. Ukiuliza kama herufi zimo, zimo. Ukiuliza kama zimo kwa idadi yake, hazijatimia. Mpaka sheria ya mchezo iseme unauliza lipi kati ya hayo mawili, ugomvi hautaisha, na hakuna programu itakayokuamulia.

Tena hayo ni mawili tu. Chukua herufi D, A na R. Kuna anayetaka zifuatane bila kuachana, kama zilivyo katika "radar", "calendar" na "standard". Mwingine anataka zije kwa mpangilio huo lakini anaruhusu nyingine ziingie katikati: hapo "dollar" na "disaster" yanapita. Wa tatu hajali mpangilio, kwake "garden", "bread" na "road" ni sawa tu. Wa nne anauliza kinyume kabisa: ni maneno gani yanaundwa kwa herufi hizi pekee, bila kuongeza nyingine? Hilo ndilo swali la wacheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi ulizopewa. Tovuti nyingi za maneno zimetengenezwa kwa ajili yao, kwa hiyo ukiziandikia "temeke" zinaweza kukuletea "meet", "meek" na "teem" wakati wewe unataka maneno marefu yaliyoibeba Temeke nzima ndani yake.

Kwa mchezo wako ningechagua sheria hii: mpangilio wowote, herufi za ziada ruksa, lakini idadi lazima itimie. Bila sharti la idadi, Ilala inabaki kuwa A, I na L, na hapo "nail" na "email" yanapata alama kirahisi mno. Ukidai L mbili na A mbili, watoto watalazimika kufika kwenye "vanilla", "alliance" au "armadillo". "Gorilla" linaanguka kwa kukosa A moja, na nakuhakikishia litaletwa.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji faili la maneno, neno moja kila mstari. Lipo moja linaloitwa ENABLE, lina maneno zaidi ya 172,000, limeachwa huru kwa umma, na uzito wake ni takriban MB 2. Lipakue mara moja kwa simu, lihamishe kwenye kompyuta kwa waya au flashi, bando hutaligusa tena. Halina majina ya watu wala ya miji, jambo linalokupunguzia mabishano mengine.

Kabla ya kulibandika kwenye Excel, chagua safu A yote uipe muundo wa Text. Usiruke hatua hii. Usipoifanya, Excel itayachukua maneno "true" na "false" kama majibu ya ndiyo na hapana badala ya maandishi, na fomula ninayokupa hapa chini haitayaona. Angalia pia toleo la Excel. Kuanzia la 2007 karatasi moja ina mistari 1,048,576, kwa hiyo orodha inaingia yote. Matoleo ya zamani zaidi yanaishia mstari wa 65,536, maana yake utabaki na maneno ya mwanzo wa alfabeti tu.

Acha mstari wa kwanza kwa vichwa, maneno yaanzie A2. Kwenye B2 andika:

=COUNTIFS(A2,"*t*",A2,"*m*",A2,"*k*",A2,"*e*e*e*")

Kinyota kinasimama mahali pa herufi zozote, hata kama hakuna hata moja. Kwa hiyo "*t*" maana yake T ipo popote, na "*e*e*e*" maana yake E zipo tatu au zaidi, popote zilipo. Neno likitimiza masharti yote manne unapata 1, likikosa hata moja unapata 0. Kompyuta ikikataa fomula, jaribu kuweka nukta mkato mahali pa koma; inategemea mipangilio ya nchi iliyowekwa kwenye mashine. Kisha bofya mara mbili kile kimraba kwenye kona ya chini ya B2 ili fomula ishuke mpaka mwisho, weka Filter, chagua 1. Mashine ikiwa mzee itakwama kidogo, usiizime.

Kwa Temeke utaona "meekest", "marketeer" na "timekeeper". Hilo la kwanza linanifurahisha: ni Temeke nzima na S moja tu ya kuongeza. Ubungo, yenye U mbili, inakubali "outbuilding", "unbuttoning" na "outnumbering". Kigamboni ni ngumu. "Bookmaking" ina kila aina ya herufi inayotakiwa, lakini I ni moja na Kigamboni inadai mbili. (Neno lenyewe linahusu biashara ya kubeti, kwa hiyo pengine ni heri limeanguka.) Kinondoni inadai K, D, I mbili, O mbili na N tatu, usishangae Filter ikikosa hata 1 ya kukuonyesha. Hiyo wape kidato cha nne siku wakijiona wajuaji.

Siku ukitaka kucheza ule mtindo wa Scrabble, COUNTIFS haikufai sana. Tumia SUBSTITUTE, ambayo ukiiwekea 1 mwishoni inafuta herufi moja tu kila inapoitwa:

=LEN(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,"t","",1),"e","",1),"m","",1),"e","",1),"k","",1),"e","",1))=0

Inalinyofoa neno herufi za Temeke moja baada ya nyingine. Lisipobaki na kitu, unapata TRUE: neno limeundwa kwa herufi hizo pekee na halikuzidisha. Angalizo: COUNTIFS haijali herufi kubwa na ndogo, SUBSTITUTE inajali, kwa hiyo maneno yote yawe kwa herufi ndogo.

Kuna mwenzako atakayekuambia Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, ni rahisi zaidi, na hadanganyi. Huko mstari mmoja wa amri unatosha, ukishaliita faili lako maneno.txt:

grep t maneno.txt | grep m | grep k | grep 'e.*e.*e'

Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, zina pia vifurushi vya maneno, wamerican na wbritish. Chukua wbritish, maana shuleni mnaandika "colour" na "centre". Vifurushi hivyo vina majina ya watu na maneno yenye 's, kwa hiyo vichuje kwanza. Lakini kama Excel ipo na unaijua, sioni sababu ya kubadilisha kompyuta ya ofisi kwa ajili ya mchezo wa Ijumaa.

Kwenye safu C weka =LEN(A2) upange maneno kwa urefu. Kidato cha kwanza wachezee yasiyozidi herufi nane, maana ENABLE imejaa maneno ambayo hata wewe na mimi tungeyafungulia kamusi.