Mjusi kuingia ndani: mimi nilimsingizia mama mkwe

Dada uliyeleta mada, umesema mjusi ameingia chumbani kwako mara tatu wiki hii, mara ya mwisho kadondoka kitandani, jirani kakwambia katumwa, na sasa una mashaka na wifi yako. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaenda popote, maana nilishapita njia hiyo.

Mwaka 2013 tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miezi minne. Usiku namnyonyesha, mara pu! Mjusi kafiri kadondoka juu ya chandarua, kakimbia, mkia kauacha pale pale juu ya neti unajipindapinda kama una roho yake peke yake. Nilipiga ukelele nyumba nzima ikaamka. Mpangaji mwenzangu, mtu mzima, akautazama ule mkia akasema, "Huyo si mjusi wa hivi hivi."

Siku chache baadaye mtoto akapanda homa. Hospitali walimpima wakakuta malaria, akapewa dawa, akapona. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Nikaenda kwa mganga. Akaniambia yuko mwanamke ndani ya familia, si wa damu yangu, ana kijicho na mtoto. Jina hakutaja. Jina nililiweka mwenyewe: mama mkwe.

Karibu miaka miwili sikumpeleka mtoto Pangani kwa bibi yake. Akituma nazi na samaki, nagawa kwa majirani. Mume wangu akiuliza mbona hatuendi, nasingizia barabara.

Masika ya 2015 mama mkwe akaja mwenyewe, bila kuitwa, na kikapu chake. Jioni mvua ilikatika, kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya barazani. Mjusi akatokea, akajibandika kwenye kioo cha dirisha kwa nje, sisi tuko ndani. Niliganda. Mama akachukua simu yangu, akawasha tochi, akaniita: "Njoo mwanangu, mtazame tumbo."

Nikasogea. Ngozi ya tumbo ni nyembamba, unaona mpaka ndani. Mayai mawili meupe, moja huku, moja huku, na vidole vimetanuka kwenye kioo kama vya mtoto mchanga. "Mzazi huyu," akasema. "Mmewasha taa, wadudu wamekuja, naye kafuata chakula." Kesho yake akasogeza kabati, nyuma tukakuta maganda ya mayai, madogo kama mbaazi. Ina maana walikuwa wakitaga mle ndani siku zote, mtoto amelala pembeni yao salama.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Sisi Waislamu, mjusi huyu ana kesi yake. Katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, bibi mmoja aitwaye Ummu Sharik amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha auawe, akasema alikuwa akimpulizia moto Nabii Ibrahim. Wazee wa pwani wanasema ndiyo sababu anaitwa kafiri. Lakini sikuona mahali hadithi hiyo inaposema mjusi analeta habari za mtu anayekuchukia. Na ipo nyingine, ya Bukhari na Muslim, inasema wazi hakuna tiyara. Tiyara ilikuwa ada ya Waarabu wa ujahiliya, yaani kabla ya Uislamu: mtu anamfukuza ndege, akiruka kulia anasafiri, akiruka kushoto anarudi nyumbani. Kumsoma mjusi kama barua mimi naona ni tiyara hiyo hiyo.

Jirani yangu Mkristo alinionyesha Mithali 30. Mle mjusi yumo pamoja na chungu (sisimizi), wibari (pimbi) na nzige, viumbe vidogo vyenye akili nyingi, na anakaa mpaka majumba ya wafalme. Wazulu nao wanasimulia kwamba kinyonga alitumwa awaambie watu hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akatumwa na habari ya kifo, akafika yeye kwanza. Mnyama ni mmoja, kila watu na lao.

Na ule mkia ulionitisha? Mjusi huukata mwenyewe akishtuka. Unabaki ukicheza ili paka aushughulikie mkia, yeye apate kukimbia. Mkia mwingine huota.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima taa ya nje ikiwa huihitaji, ziba nafasi juu ya dirisha na chini ya mlango, sogeza kabati ufagie nyuma. Chakula kifunike, kinyesi chake kina vijidudu vya kuharisha. Ukitaka kinga ya kiroho, soma Ayatul Kursi ulale, na kama si Muislamu sali sala yako. Mtoto akipata homa, kapime kwanza.

Kuhusu wifi yako, jirani alikutajia jina lake, au uliliweka mwenyewe?

Mimi nilimwambia mama mkwe kila kitu usiku wa pili. Nililia, nikamshika miguu. Alikaa kimya muda mrefu, mtoto amempakata. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na zile nazi, mlikuwa mnakula?"

Nikamwambia hapana, mama.