Dar–Dubai: kwenda masaa 6 na nusu, kurudi 4 na nusu, kwa nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukitoa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika unapata majibu mawili kwa njia ile ile, na umbali wenyewe unapimwaje. Tuanze na umbali, maana muda unatokana nao.

Usipime kwa rula kwenye ramani ya kawaida ya ukutani. Nyingi hutanua nchi kadiri unavyoiacha ikweta. Ukifika Dubai kipimo kimeshatanuka karibu asilimia 10 kuliko Dar. Chukua nukta za viwanja vya ndege vyenyewe. Julius Nyerere, uwanja wa Dar, ni latitudo -6.878, longitudo 39.203. Dubai ni 25.253 na 55.364. Kwenye Excel weka latitudo B1 na B2, longitudo C1 na C2, halafu andika:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B2))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(C2-C1)))

Jibu ni kilomita 3,978 hivi. Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Ukitaka maili za baharini wanazotumia marubani, gawa kwa 1.852, unapata 2,148.

Watu wengi huharibu kwenye alama ya kutoa. Dar iko kusini mwa ikweta. Ukisahau ile -, umeihamishia kaskazini na Excel itakupa kama kilomita 2,670 bila kulalamika. Kosa lingine ni kusoma digrii 6 dakika 52 kama 6.52. Dakika zigawe kwa 60 kwanza, ni 6.87, la sivyo umeusogeza uwanja karibu kilomita 40.

Sasa muda. Jeti kubwa ikiwa angani wekea kilomita 850 kwa saa: 3,978 kwa 850 ni 4.68, yaani masaa 4 na dakika 41. Ongeza dakika 30 hadi 45 za ndege kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, kisha kidogo tena kwa kuwa njia za anga hazinyooki moja kwa moja. Ratiba nayo huhesabu toka ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena. Masaa 5 na nusu ni makadirio mazuri. (Kwa pangaboi, yaani ndege ya mapanga, kama ATR 72 weka 500, siyo 850.)

Hayo masaa mawili ya tofauti wengi husema ni upepo. Hapana. Upepo wa kula karibu saa nzima utaukuta njia za mashariki-magharibi, kama London–New York. Hapa ni saa za eneo tu: Dubai iko mbele ya Dar kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mji husika. Mfano, ukiondoka Dar 16:45 ukafika Dubai 23:15, inaonekana 6:30. Toa saa moja, 5:30. Kurudi, 10:15 hadi 14:45 inaonekana 4:30. Ongeza saa moja, 5:30 ile ile.

Dar na Dubai hazibadilishi saa mwaka mzima. London hubadilisha: iko nyuma ya Dar kwa masaa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi, kwa hiyo angalia tarehe ya safari kabla ya kujumlisha.