Kabla ya sensa ya kuvuja, ng'oa hiyo koki ya boya

Mkuu wa Mpunguzi, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne: sensa (kihisi) gani itakuambia jaketi la tangi la mvinyo likivuja, namna ya kupata ujumbe kwenye simu ukiwa Dar, kama kulanti ya gari inafaa kupozea, na bei ya vyote. Sawa, ya simu na bei nawaachia wengine. Ila kwenye picha uliyoweka, kona ya kulia juu ya tangi la glaikoli (kile kimiminika cha kupozea), nimeona koki ya boya, ile inayofungua maji yenyewe kina kikishuka, imeungwa na bomba la maji. Chai imenipalia. Sijasoma hata majibu ya wenzangu.

Koki kama hiyo ndiyo iliyonimwagisha lita 4,750 za mvinyo mweupe.

Mimi niko upande wa Hombolo. Nina matangi matatu ya chuma cha pua, ya lita 5,000 kila moja, yamevishwa jaketi kama lako. Glaikoli baridi inapita katikati ya kuta mbili ili zabibu zichachuke taratibu kwenye nyuzi 15, maana kwa jua letu hili ukiliacha tangi peke yake unapata uji wa moto. Fundi wa chila, yaani mashine ya kupoza glaikoli, alitoka Dar na kompyuta mpakato na maneno mengi. Akanifungia sensa ya kina kwenye tangi la glaikoli: kina kikishuka, king'ora kinalia. Wazo lenyewe halina kosa. Glaikoli inazunguka tu, haina pa kwenda, kwa hiyo ikipungua ujue imetoka mahali. Halafu bwana yule yule, mchana ule ule, akafunga boya kutoka kwenye simtanki ya maji, "ili bosi usihangaike kujaza." Na hela ya boya akanidai.

Umeliona tatizo? Mimi sikuliona. Sensa inasubiri kina kishuke, na boya limewekwa pale kuhakikisha hakishuki. Ni sawa na kuajiri mlinzi, halafu ukamwajiri na mtu wa kumbembeleza mlinzi alale.

Msimu wa mavuno ya Agosti, mshono mmoja wa kuchomelea ukatoboka ndani ya tangi namba mbili. Tundu kama la sindano. Pampu inasukuma glaikoli kwenye jaketi kwa bar moja na nusu za msukumo, na mvinyo wenyewe kwa kimo cha mita mbili unasukuma bar 0.2 tu, kwa hiyo unajua nani alikuwa anaingia kwa nani. Kama lita kumi kwa siku. Boya likawa linafidia kwa maji, kimya kabisa, siku ishirini na tano. Taa ya kijani inawaka, nami naipita kila asubuhi naisalimia.

Dalili zilikuwepo, tena nyingine zilinifurahisha. Mvinyo ulikuwa unapanda tangini. Tangi langu lina kipenyo cha mita 1.8, sentimita moja ni kama lita 25, na ulipanda sentimita kumi. Nikasema ni povu la kuchachuka. Akaja mgeni akaonja, akasema mwaka huu mmeweza, una utamu wa mbali. Nikamfungia chupa. Propilini glaikoli ni tamu, mkuu. Huo utamu wa mbali ulitoka kwenye jaketi.

Kilichonifumbua macho si sensa wala akili yangu, ni chila kupasuka. Nilianza na mchanganyiko wa asilimia 35, ambao hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 16 chini ya sifuri. Boya lilivyozidi kutia maji, mchanganyiko ukawa mwepesi. Siku moja alfajiri ukaganda ndani ya mabamba ya chila, barafu ikatanuka, mabamba yakachanika. Fundi wa Kizota niliyemwita akachota tone akaliweka kwenye refraktometa, kifaa kinachoonyesha mchanganyiko utaganda kwenye nyuzi ngapi, akanipa nami nichungulie. Nyuzi 7 chini ya sifuri. Akaniuliza, "Mzee, glaikoli yako umempelekea nani?"

Tukalimwaga tangi. Tulipuliza feni nusu siku kabla ya mtu kuingia, maana gesi ya kuchachuka hukaa chini na inaua bila kelele, usije ukamtumbukiza kijana wako humo. Tukatia hewa kwenye jaketi, tukapaka maji ya sabuni kwenye mishono kwa ndani, nikakaa na tochi. Kipovu kimoja kikatokea karibu na mlango wa chini, kikakua taratibu kama cha mate ya mtoto mchanga, kikapasuka, kikaanza tena. Nilikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipompigia yule wa Dar, akasema mfumo wake ulifanya kazi vizuri kwa sababu kina hakikushuka hata siku moja. Neno kwa neno! Nikakata simu nisije nikasema kitu cha kunipeleka polisi.

Sasa kulanti ya gari: hapana, hapana, hapana. Nyingi ni ethilini glaikoli, na hiyo inaharibu figo za mtu. Tumia propilini ya daraja la chakula. Hata hivyo usijidanganye kwamba ikivuja utauza tu. Mwaka 1985 kule Austria watengenezaji walikamatwa wametia glaikoli ya aina nyingine, diethilini, kwenye mvinyo makusudi ili uwe mtamu, na soko lao la nje likaanguka vibaya. Wewe utaeleza vipi kuwa yako iliingia kwa bahati mbaya?

Ukishang'oa boya, ziba lile tundu la bomba kabisa. Usiweke koki "ya dharura", dharura yenyewe ndiyo hiyo koki. Jaza kwa ndoo, kwa mchanganyiko ulioupima, na kila ndoo iandikwe kwenye daftari: tarehe, lita, nani kajaza. Daftari langu la shilingi elfu mbili limenisaidia kuliko yule mtu na kompyuta yake.

Sensa yoyote ya kina itafaa, hata ile ya mawimbi ya sauti wanayofunga vijana wa elektroniki. Ila pampu ikisimama, glaikoli iliyoko kwenye mabomba ya juu inarudi tangini na kina kinaruka. Joto nalo linaitanua. Kwa hiyo usilinganishe asubuhi na mchana. Mimi nasimamisha pampu saa kumi na moja alfajiri, nasubiri dakika kumi, ndipo sensa inachukua kipimo cha siku. Mwanzoni nilikuwa napima ovyo ovyo, king'ora kikalia usiku mara nne bure, mke wangu akakizima kwa kukivisha soksi.

Tena kengele iwekwe pande zote mbili, kushuka na kupanda. Umeme ukikatika pampu inasimama, na kama tangi la glaikoli liko chini ya tangi la mvinyo, sasa mvinyo ndio unaosukuma kuingia kwenye jaketi. Glaikoli ikiongezeka bila ndoo yoyote daftarini, mvinyo umeshaingia. Ukiinusa utaujua.

Ile ya pichani ina mpini wa shaba na nati mbili, spana tu inatosha. Ifungue leo kabla hujalala, halafu tuwekee picha nyingine tuone umezibaje.